Sindano ya Santuri

Muuza vitumbua wa Temeke alikuwa na vidole vilivyozoea moto, lakini sindano ya santuri aliishika taratibu kama anayemtoa mtoto mwiba. Kila asubuhi, sahani moja ya muziki ikiisha kulia, aliichomoa ile sindano, akaifunga pindoni mwa kanga, akarudi kugeuza vitumbua. Bintiye Mwajabu, aliyekaribia miaka mitatu na bado hajaanza kusema, alibaki ameikodolea macho santuri iliyonyamaza. Zamani mama alimwachia sahani zilie hadi adhuhuri, mpaka alipoona kwamba mtoto akizama kwenye nyimbo hata akiitwa hageuki, akahofu ndizo zinazomchelewesha kusema.

Siku moja Mwajabu alilia, akawa habembelezeki. "Mpigie santuri tu, shoga, upumue," jirani alimwambia kutoka uani. Mama akatikisa kichwa, moyo ukimuuma, akampakata mtoto na kuanza kuuimba mwenyewe wimbo wa sahani ya asubuhi kwa sauti yake ya kukwaruza. Katikati maneno yakampotea, akatia ya kwake. Kilio kikakatika. Mwajabu akamziba mama mdomo kwa kiganja. "Siyo," alisema, kisha akaanza kuimba. Vitumbua vilivyokuwa motoni viliungua vyote, naye mama hakuinuka mpaka wimbo ulipokwisha.