Jenerali Aliyetokea Kasrini

Stamata hakwenda kutazama mchezo. Alikwenda kumtazama Zisis akiaibika, na kwa ajili hiyo alijifunga kitambaa chake kizuri cha kichwa.

Zisis alikuwa mume wake mpaka mwaka juzi, alipohamia kwa Evanthia, muuza mbegu za maboga mlangoni pa ukumbi. Angeondoka na nguo zake tu, Stamata angemlaani wiki moja na kumsahau. Lakini alibeba na sanduku: sanamu zote za ngozi za mchezo wa vivuli, ambazo Stamata alizichonga kwa kisu huku bwana huyo akikoroma. Tangazo ukutani lilisema ni kazi ya mikono ya Zisis.

Sasa kulikuwa na vita na Waitalia, na ofisi ya habari ilitaka vivuli viwatie watu moyo na kuwahimiza kina mama wafume soksi za askari walioko milimani. Zisis ndiye aliyepewa kazi. Alasiri ile ukumbi wa mkahawa mkubwa wa mji wa Karditsa ulifurika, madirisha yamezibwa kwa mablanketi.

"Shoga, umekuja kumpigia makofi?" jirani yake Kyratso akamchokoza.

"Nimekuja kuziona sanamu zangu. Yeye akichekwa, hiyo nyongeza."

Karabai likawashwa nyuma ya shuka. Kushoto kibanda cha fukara, kulia kasri la Pasha mtawala, kama ilivyokuwa tangu enzi za babu zao. Atokaye kibandani ni wetu. Atokaye kasrini ni mdhalimu, na hilo hata mtoto wa kupakatwa haelezwi.

Zisis, kwa kujipendekeza kwa luteni wa ofisi ya habari aliyekaa mbele, alimtafutia jenerali wetu wa kivulini nyumba ya heshima. Akamtoa kasrini.

"Uuuu!" ukumbi mzima ukazomea. "Mnyonyaji! Rudi ndani!"

"Wananchi wenzangu," sauti ya Zisis ikatetemeka, "fumeni soksi..."

"Fuma wewe!"

Maganda ya machungwa yakaanza kuruka. Luteni akasimama, uso umemwiva. Stamata alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha kiatu kikapiga shuka, na kichwa cha jenerali kikaning'inia. Hapo akamtambua: alikuwa kapteni aliyemchonga zamani, amepakwa rangi ya sare mpya. Kicheko kikamkauka. Akapenya katikati ya viti hadi nyuma ya shuka.

"Wewe unatafuta nini hapa?" Zisis akanong'ona, jasho likimtiririka.

"Sogea huko, mwanamume. Unanivunjia vitu vyangu."

Akanyakua sanamu ya mke wa fukara, akamtoa kibandani huku akipayuka: "We Jenerali! Nani kakuingiza kwa Pasha? Njoo huku, supu ya maharage inapoa!"

Ukumbi ukatulia.

"Mlete, zumbukuku," akamfokea Zisis kwa sauti ya chini.

Jenerali akajikokota kuelekea kibandani.

"Na hiyo miguu?" Stamata akaendelea. "Jamani kina mama, huyu atawafukuza vipi Waitalia na vidole vinachungulia nje?"

Watu wakaangua kicheko. Bibi mmoja akasimama juu ya kiti: "Mpeni soksi za mume wangu! Zina kiraka kimoja tu!"

Mchezo ulipokwisha, luteni alikuja nyuma akipangusa machozi ya kucheka. "Jumapili tunaupeleka Trikala. Niandike jina la nani?"

Zisis akafungua kinywa. Stamata alikuwa ameshakalia sanduku.

"Mimi, bwana mkubwa. Jina langu liwe juu ya tangazo, na sanduku lilale kwangu. Huyu anaweza kuja kushika karabai."

Luteni akamtazama Zisis. Kisha akaandika jina la Stamata.

"Basi Stamata, mke wangu..." Zisis akaanza.

"Mke wako yuko mlangoni. Kamsaidie kufagia maganda."

Yeye na Kyratso wakalishika sanduku huku na huku, wakatoka nalo. Lilikuwa zito kuliko alivyolikumbuka. Walipolitua barabarani kupumzika, akafunua kifuniko: Zisis alikuwa ameongeza makasri mawili mapya ya mbao, mabaya ya kutisha.

"Hayo tutawashia jiko," akasema, akamweka jenerali juu, shingo upande. "Una uzi mgumu nyumbani?"