Kifaru cha Kaburi la Ojwang

Mzee Nyamhanga wa Kemambo aliwahi kuendesha kifaru cha vita, na hilo hata watoto wa kijijini wanalijua. Wasilolijua ni namna Ojwang, mwenzake wa kifaruni, alivyokufa. Alipotoka vitani mwaka 1979, alimwambia mama wa marehemu kwamba kombora lilimkuta mwanawe usingizini, hata maumivu hakuyasikia. Ulikuwa uongo. Aliusema kwa sababu yule mama alikuwa amemshika mikono yote miwili, na tangu hapo amekaa nao moyoni zaidi ya miaka arobaini.

Sasa Adero, dada mdogo wa Ojwang, alikuja kutoka Rorya. Mwili wa kaka yake haukurudi. Walizika tunda la yago, lile refu la mti wa mwegea, badala yake, kama Wajaluo wanavyofanya mtu akipotea, na mwaka huu walikuwa wanalijengea kaburi lile kwa saruji. Alitaka kifaru kidogo cha kuweka juu yake.

"Kaka, ukipake rangi hivyo hivyo kilivyokuwa siku aliyokufa," alisema. "Nitakifuata Jumamosi."

Kukiunda hakukumtoa jasho: mbao, bati, vizibo vya soda kwa magurudumu, bomba la mwavuli mbovu kwa mtutu. Shida ilikuwa rangi. Kijani ya dukani ilikuwa ya kupakia milango ya baa, inang'aa kupita kiasi. Akaitia nyeusi kidogo na nyekundu tone moja, akaijaribu kwenye kipande cha bati na kukianika, maana rangi ikikauka hubadilika. Aliipata mara ya tano. Kwa ajili ya mabaka ya kukificha kifaru alichekecha udongo wa kichuguu, akaukoroga ndani ya rangi ya maziwa hadi ikafifia. Mkewe, Eunice, alipomwambia kijani ni kijani tu, alijibiwa kwamba basi na ugali ni ugali tu, na leo aupike bila maji.

Akapaka mabaka mbele, juu na ubavu wa kulia. Alipofika ubavu wa kushoto akaweka brashi chini. Kule vitani walikipaka kifaru tope ili adui asikione, na zamu ya ubavu ule ilikuwa yake. Alichoka, akauacha uking'aa, akalala. Kulipokucha akamwambia Ojwang, "Nenda wewe." Ojwang akachukua ndoo ya tope. Risasi ilimkuta akiwa amefika katikati.

Mzee aliupaka ubavu wote, ukapendeza. Kisha akachukua kitambaa chenye mafuta ya taa, akafuta nusu yake.

Jumamosi Adero alikizungusha kile kifaru mikononi. "Hapa rangi ilikuishia?"

"Haikuisha. Hapo ndipo alipofika."

Akamweleza habari ya tope, ndoo na risasi. Alipomaliza, Adero alijifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Kumbe alitoka mwenyewe," alisema. "Ndivyo alivyokuwa. Hata nyumbani, kazi tuliyoiacha sisi aliimaliza yeye."

Hapo mzee angeitikia kwa kichwa tu, mambo yakaisha. Alitamani sana kufanya hivyo, na nani asingetamani?

"Hakutoka mwenyewe, dada. Zamu ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyemtuma."

Adero akakifunga kifaru ndani ya kitenge kingine, polepole, akakibana kwapani.

"Mama alikufa akimshukuru Mungu kwa usingizi ule," alisema. "Mimi sina cha kukujibu. Jumatano tunamaliza kaburi. Uje umwambie Ojwang mwenyewe."

Mzee alisema atakwenda. Adero alipotoka, alikaa chini sakafuni akalia kwa sauti, na Eunice, ambaye naye alikuwa akiyasikia hayo kwa mara ya kwanza, akaketi karibu naye.