Kigwe cha Mguu wa Kushoto

Dalelkhan hula kwa mkono wa kushoto, na mgeni asiyemjua humwona hana adabu. Wa kulia hukaa ndani ya koti, kiangazi na majira ya baridi. Nilikuwepo siku ulipoharibika, na kwa kuwa mwenyewe hasemi, nitasema mimi.

Kazi yake ni kutengeneza majiko ya bati, na hakuna nyumba katika bonde letu isiyopashwa moto na kitu alichokigonga yeye. Lakini kwa misimu minane ya baridi alikuwa pia na tai, jike aliyemtoa kiotani akiwa na manyoya laini. Kulpash, mkewe, alizoea kuwaambia wageni kwamba ana mke mwenza mwenye mabawa, na kwamba mwenzake hupewa nyama kwanza.

Kwetu tai hufugwa kwa ajili ya kuwinda kwa muda, kisha hurudishwa porini. Mwaka wa nane, theluji ilipoanza kuyeyuka, Dalelkhan alimpeleka mlima wa mbali, akamchinjia kondoo, akamwacha anakula, akajificha nyuma ya mawe hadi giza ili ndege asimfuate. Ukishamwachia, humwiti tena. Kumwita ni aibu, kama kumtoa binti yako kwa mumewe pasipo kosa.

Yote aliyafanya, ila moja. Vigwe vya ngozi vya miguuni hukatwa vyote viwili. Yeye alikata cha kulia, cha kushoto akakiacha, kirefu kama shubiri, chekundu.

"Nilitaka nimtambue," aliniambia theluji mpya ilipoanguka. "Nikimwona juu, nijue ni yeye."

"Na kikinasa kwenye mwiba?"

Tangu siku hiyo hakulala vizuri, na mwezi wa kwanza akanijia na farasi wawili.

Kulpash alinishika hatamu mlangoni. "Shemeji, mnaenda kuangalia ndege, au mnaenda kuniletea tena mke mwenzangu?"

"Kuangalia tu," alisema Dalelkhan. "Ngozi huoza. Huenda kimeshakatika. Nikiona mguu mtupu, narudi nyumbani. Glavu ya kumbebea yenyewe nimeiacha, nisishawishike."

"Akiita," Kulpash aliniambia, "mzibe mdomo."

Tulisafiri siku mbili, tukapiga hema chini ya jabali la mlima ule alikomwachia. Jiko alilolitengeneza mwenyewe lilitoa moshi kuliko moto.

"Fundi wa bonde zima," nikamwambia, "na mimi nakufa kwa moshi wako."

"Kufa taratibu, mbuzi wewe, chai haijachemka."

Sisi ni wa rika moja, na rika moja kwetu hutukanana hadi kaburini. Lakini mzaha huo ulikuwa wa mwisho. Jabali lilikuwa kimya mno. Kunguru hawakulia. Farasi walisimama wakitazama upande mmoja, masikio mbele, na hapakuwa na kitu.

Siku ya pili tulizunguka na darubini. Tuliona tai mzee akipita bila kupiga bawa, na tumbusi wawili wakizunguka mahali ambapo hatukufika. Kisha, kwenye korongo, tulikuta kipanga wa mtu, aliyempotea bwana wake. Kigwe chake kilikuwa kimejisokota katika kichaka cha miiba, naye ananing'inia kichwa chini, mabawa wazi, ameganda. Upepo ulipovuma aligeuka polepole, akatutazama, akageuka tena.

Dalelkhan alikikata kigwe, akamlaza kwenye theluji, akafuta kisu kwenye buti. Alifuta muda mrefu.

Siku ya tatu, asubuhi, tai wake alitokea. Sikuhitaji kuambiwa. Alikaa kwenye ncha ya jabali, na chini ya mguu wake kitu chekundu kilicheza kwenye upepo. Nikampa Dalelkhan darubini.

"Kimerefuka," alisema. "Ngozi imelowa, imevutika. Umeona miiba iliyo chini yake?"

"Nimeiona. Twende nyumbani, Dalelkhan. Umemwachia."

"Sijamwachia. Nimemfunga kwa mbali."

Nilikumbuka maneno ya Kulpash, na sikumziba mdomo. Alivua shali ya sufu shingoni, akaizungusha kwenye mkono wa kulia, akaupandisha juu, akaita. Sauti ilikwenda hadi kwenye jabali, ikarudi.

Tai alikuja kama jiwe lililotupwa. Shali haikusaidia kitu. Niliona makucha yakizama, nikaona uso wa rafiki yangu ukiwa mweupe kuliko theluji, naye akisema kwa upole, "Kata. Kata, mjinga, mimi nimemshika." Nilikata. Kigwe kilianguka na damu ikaangukia juu yake, nyekundu kwa nyekundu.

Kisha Dalelkhan alimrusha. Tai alipiga mzunguko mmoja, akarudi mkononi. Alimrusha tena. Akarudi tena, na safari hii alikunja mabawa, kama aliyefika kwake.

"Anajua njia sasa," nilisema. "Ataifuata sauti ya mtu yeyote. Mwenye bunduki pia."

Dalelkhan alimrusha mara ya tatu, akainama, akafinyanga theluji kwa mkono wa kushoto, ule mzima, na tai alipogeuka kurudi akampiga nayo kifuani. "Toka! Mchawi! Mla mizoga! Nani anakutaka?" Alitukana kwa sauti iliyokatika, huku machozi yakimgandia kwenye masharubu. Donge la pili lilimpata bawani. Tai alipanda, akapanda, akapotea nyuma ya jabali.

Tulikunja hema bila kunywa chai. Mkono niliufunga kwa shati langu, lakini baridi ilikuwa imeshaingia kwenye matundu ya makucha. Vidole viwili vilikatwa kabla ya mwezi kwisha.

Hayo yalikuja baadaye. Njiani alinitangulia, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi. Mara kivuli kipana kilipita juu ya theluji, mbele ya farasi wake, kikarudi, kikapita tena. Farasi alishtuka. Dalelkhan hakuinua kichwa.

Nilitazama juu mimi, kwa niaba yake. Mguu ulikuwa mtupu. Nikataka kumwambia, nikaona jinsi alivyoikaza hatamu, nikanyamaza. Kivuli kilitufuata hadi mtoni.