Maneno Yenye Jokébed Alikuwa Anaandika Chini ya Foto

Mbele ya kushika appareil ya foto, Jokébed alikuwaka mannequin, mannequin wa kweli, tena wa hapa hapa Butembo! Babeleji balikuwa bametoka tu kwenda, na Jumaine, muchuuzi wa bikwembe, bale bitenge bya bamama, mwenye kutoka Beni, alimuonaka ku mulango ya kanisa, akasema ule mutoto ya Pasteur Ézéchias, hata umufunike gunia ya viazi, bamama bataulizia gunia. Donc siku ya soko anamuvalisha kikwembe ya mupya, na Jokébed anatembea kutoka juu mpaka chini, pole pole, shingo sawa, na bamama nyuma yake banaulizana ile ni ya duka gani. Jumaine alikuwa na studio ndogo. Akamupiga foto, akamutundika mu vitrine, ile kioo ya mbele. Tangu siku ile Pasteur alipitaka njia ingine.

Mais kuangaliwa kunachokesha. Jokébed akaanza kuulizauliza: mwangaza inaingilia wapi, juu ya nini pua yangu inatokaka kubwa. Jumaine akamufundisha, na wakati alirudia Beni kushugulikia bakamyo yake ya kubeba mizigo, akamuachia studio. Njo uandishi ilianzia pale. Chini ya kila foto ya vitrine, Jokébed anaandika kaneno. Chini ya ile ya Sophie, musichana mumoja wa mutaa: «Huyu anachagula bachumba sawa vile banachagulaka maharagi, mingi inaenda kwa kuku.» Batu bakacheka mpaka machozi. Hata benye habajue kusoma balitafutaka mutu abasomee. Mutu akipigwa foto, haulizi tena kama ametoka muzuri. Anamuita dada mukubwa, anauliza: Yaya, utaniandika nini?

Kisha Basimba, baasi benye kusema dawa yabo inageuza risasi mayi, bakaingia na vita yabo na serikali. Simba mumoja alikuja kupigwa foto, hakurudia, na kofia yake ya ngozi ya mbuzi ikabakia kwa studio. Vagheni, kijana wa mama Masika wa jirani, mwenye alikuwa anaogopa hata dindon, ile bata muzinga ya mama yake, akaivaa, akashika ufagio sawa bunduki, mukono ku kiuno. Jokébed akapiga akicheka, akaandika: «Simba mukubwa wa Butembo. Risasi ikimuona, inageuka mayi.» Akatundika.

Wakati ule foto ilikuwa haifutwake na kidole. Habari ikafika kama basoda ba serikali bako karibu, batu bote bakakimbilia kijiji ya Vuhovi, Jokébed vilevile, appareil mu kitunga. Foto ikabakia mu vitrine.

Basoda bakavunja kioo, bakaichukua, na Vagheni akirudi kutafuta chumvi ya mama yake, bakamukamata. Banamuuliza nani aliandika. Anasema hajue. Butembo yote ilijua ile maandiko, mais hapana mutu alifungua kinywa. Hata Jokébed. Alirudi, akajifungia, akajiambia batamuachilia tu, nani hataona kama ule mutoto hawezi kuua hata kuku? Kila asubui anajiambia kesho nitaenda. Na haya yake ilikuwa pale: haikuwa kufa tu njo aliogopa. Aliogopa batu baseme, ona, bale maneno yake matamu bameua mutoto wa jirani.

Masika mwenyewe akakuja. Hakumulaumu. Akaikala ku kiti ya bakiriya, akauliza kama ile filme yenye kutosha foto ya Vagheni ingaliko.

«Unitengenezee ingine,» akasema. «Mais ukate kofia. Sina foto yake ingine, na kama banamuzika huko huko, mi nitaangalia nini?»

Jokébed alikosa fasi ya kuweka macho. Akaingia ndani, akatoa ile kofia ya Simba mu sanduku.

Alivuka soko nayo ku kichwa. Ile ile mutembeo, pole pole, shingo sawa, mais hapana mama aliuliza ni ya duka gani. Akaingia mu lupango, ile kiwanja ya basoda, akasimama mbele ya komanda vile Vagheni alisimamaka, mukono ku kiuno.

«Komanda, hii kofia ni ya studio,» akasema. «Hata mi mwenyewe inanifanya Simba, ona. Na bale maneno ni yangu. Yeye hakuniomba.»

Komanda akaangalia foto, akaangalia kofia. Kile kipande chenye kimetoka manyoya juu ya sikio, ni kile kile. Akamuambia atembee. Akatembea. Atembee tena. Basoda bakapiga makofi, bakamuzungusha lupango mpaka jua ikainama, na batu bamejaa ku njia banaangalia, Pasteur Ézéchias katikati yabo. Siku ile hakupita njia ingine.

Kisha bakamutosha Vagheni inje, bakamuachilia. Balikuwa bamemupiga mpaka sikio moja imekufa.

«Yaya,» akasema, «ulichelewa.»

Hakusema na kasirani. Njo ilikuwa mubaya zaidi.

Jokébed aliendelea na foto mpaka uzee, na kuandika aliandikaka, hadisi za batu, ndefu, zenye banasomeana mpaka Beni. Mais chini ya foto, jina tu. Siku ya ndoa ya Vagheni na Kaswera alikuja na appareil. Vagheni akamusalimia muzuri, akamupa kiti na nyama, mais saa ya foto akatoka, akasimama nyuma ya appareil, Kaswera peke yake mu mwangaza. Jokébed akapiga. Mu vitrine ya mupya akaandika: «Kaswera, bibi ya Vagheni.»

Batu bakasimama pale, bakangoja kama ataongeza kitu. Hakuongeza.