Saa Isiyoomba Betri

Betri ya saa yangu ilikufa tena nikiwa nimesimama uani mwa shule, nyundo mkononi, mbele ya rimu ya gari tuliyoigonga kama kengele. Watoto walikuwa wananitazama. Nikakisia, nikagonga. Mkurugenzi akatoka ofisini akicheka, akasema leo mapumziko yamekuja mapema.

Wakati ule bunduki zilikuwa zimenyamaza mjini kwetu Bunia, ila hakuna aliyethubutu kusema vita vimekwisha. Mimi nilikuwa nimerudi peke yangu. Mke wangu na watoto wetu wawili walibaki Hoima, upande wa Uganda, tulikokimbilia pamoja. Shule yangu ilipofunguliwa niliitwa kufundisha, tukapatana nitangulie, nitazame hali, wao wafuate baadaye. Nikapanga nyumba ndogo katika mtaa wa Nyakasanza, nikangoja.

Sikuwa na simu. Kila Jumapili saa kumi alasiri mke wangu alipiga kwenye kibanda cha mama mmoja wa mtaa wa Lumumba aliyekuwa akiuza dakika za simu. Kwake ilikuwa tayari saa kumi na moja, maana Uganda wako mbele yetu kwa saa nzima. Simu aliazima kwa jirani, naye jirani hakupenda kuazimwa ovyo. Nikichelewa, hadi juma lijalo. Na betri za sokoni zilikuwa nusu maiti tangu dukani.

Nikaenda kwa muzee mmoja, mtu wa Mahagi, aliyekuwa na meza ya saa kando ya boulevard, barabara kuu ya mji.

"Natafuta saa yenye haiombake pile," nikamwambia, maana betri zilikuwa zimenichosha. "Isiwe ya bei kali, na isinidanganye."

Akaniwekea tatu juu ya kitambaa. Ya kwanza ilikula mwanga wa jua, lakini kioo chake kilikuwa kimekwaruzika sana, na muzee mwenyewe hakuisifu. Ya pili ilikuwa ya kutia ufunguo kila asubuhi. Ya tatu ilikuwa nzito, ya kung'aa.

"Hii inajijaza yenyewe," akasema. "Ukitembeza mukono, nayo inakula."

Nikaitikisa sikioni. Kitu kilizunguka ndani yake taratibu. Nikaona, hii ndiyo yangu: haina betri, haina kukumbuka ufunguo. Tukasikilizana bei, nikaivaa palepale.

Muda wote wa masomo haikukosea. Nilikuwa naandika ubaoni, nafuta, nagonga rimu, na mkono haukupumzika. Kisha likizo ikaja, na pamoja nayo habari mbaya za mashambulizi kutoka upande wa Djugu. Watu wakawa hawatoki bila sababu, nami sababu sikuwa nayo. Nilikuwa nakaa kitandani, mgongo ukutani, nasikiliza redio ya jirani kupitia dirisha. Kuna siku sikusema neno hata moja hadi giza likaingia.

Jumapili iliyofuata niliitazama saa, nikaona nina muda wa kutosha. Nikanyoa ndevu, nikatembea polepole hadi Lumumba. Mama wa simu alikuwa anafunga kibanda.

"Mwalimu, ulikuwa wapi?" akauliza. "Mama watoto alipiga. Akarudilia, akarudilia tena. Nikamuambia hatujakuona."

"Alisema nini?"

"Alisikia vile, akakata."

Tukajaribu namba ya yule jirani wa Hoima. Ilikuwa imezimwa.

Kesho yake nikamrudishia muzee saa yake kwa hasira. Akafungua mfuniko wa nyuma, akanionyesha kipande cha chuma chenye umbo la nusu duara, akakizungusha kwa kidole.

"Iko muzima," akasema. "Hiki ndicho kinaijaza. Ulikuwa unafanya nini siku hizi?"

"Kitu hapana. Nilikuwa nakaa."

"Basi usiku ilisimama, asubui ukaamuka, ikaanza tena, lakini nyuma ya wakati." Akaniangalia usoni. "Kwako hakuna mutu?"

"Hakuna."

Akaichukua ile nzito, akanipa ile ya kutia ufunguo. Kisha akavuta kiti cha pili toka chini ya meza, akakipangusa, akasema nikae, jua lilikuwa kali. Nikakaa hadi alipokunja kitambaa chake.

Juma lile lilikuwa refu. Jumapili nilifika kibandani mapema mno. Simu ilipolia, mama wa kibanda akanipa upesi.

"Uko?" mke wangu akauliza.

"Niko. Ilikuwa saa tu. Ilisimama."

Nikasikia anapumua. "Nilifikiri wameanza tena," akasema. "Niliisha waambia watoto wasali." Baada ya hapo tulisema machache sana. Pesa yake ya simu ikaisha.

Ile saa ya ufunguo ilinitosha kwa miaka mingi, wala sikumuuliza mtu tena habari za betri. Mwaka wa shule ulipokwisha, mke wangu na watoto wakaja. Mtoto wetu mdogo alinisalimu kwa Kiingereza, akijificha nyuma ya gauni la mama yake. Tulikula pamoja, tukacheka pia. Kisha usiku mmoja risasi zikasikika vilimani, mbali, na asubuhi nikamkuta mke wangu anakunja nguo za watoto. Hakunilaumu, nami sikumzuia. Huko Hoima walikuwa na shule, hapa nilikuwa na kazi.

Niliwasindikiza hadi Kasenyi, kwenye vyombo vya kuvuka ziwa kwenda Uganda, nikasimama ufukweni mpaka chombo chao kikawa hakionekani. Nikarudi juu ya lori la samaki. Nyumbani nikafua mashuka waliyolalia, nikayaanika. Kulikuwa na upepo, yakakauka kabla ya jioni.