Mtoto Aseme

Mamba alimchukua mama yangu mdogo ufukoni mwa ziwa huko Swima, mahali wanawake walipofulia nguo. Aliyekuwa naye ni binti yake wa miaka sita. Wakamleta mtoto kwetu Baraka, na kilio kikawekwa nyumbani kwetu. Mimi nilikuwa na miaka kumi. Naandika haya kwa kinyaa, tena kinyaa ambacho hakijanitoka.

Kwetu, mgeni wa kilio hakai hivi hivi. Analia mlangoni, anasalimia, anaketi, kisha anasimuliwa kifo tangu mwanzo, na msimulizi ni yule aliyekiona. Kwa mzee aliyekufa kwa kikohozi sioni ubaya. Mjane husimulia mpaka uchungu upoe kidogo. Lakini aliyekiona kifo hiki alikuwa na pengo la meno ya utoto.

"Mutoto aseme," wageni walidai.

Shangazi yake, dada wa baba yake, alimweka kwenye mkeka karibu na mlango, amempaka mafuta ya mawese mpaka anang'aa kama kitu cha kuuzwa sokoni. Mtoto alisimama, mikono nyuma, akasema: walienda kufua, yeye alishika sabuni, maji yakavimba, mama hakupiga kelele, kikwembe chake cha kiunoni kikabaki kinaelea. Akiruka kitu, shangazi alimkumbusha.

"Na kikwembe? Ulisahabu kikwembe."

Wageni walisikiliza huku wakitafuna. Vinywa vile naviona hata sasa, na miiba ya ndagala, dagaa wa ziwani, kwenye midomo. Walikuja hata watu wa Fizi ambao hawakumjua marehemu kwa sura. Mmoja, mwalimu wa shule ya misheni, suruali imepigwa pasi, alilamba vidole na kuuliza:

"Ile mamba ilikuwa murefu namna gani?"

Mtoto akanyoosha mikono. Mwalimu hakuridhika, akamwambia aonyeshe tena. Ningeweza kumtapikia viatuni, na laiti ningetapika.

Siku ya tatu mtoto aliacha kula. Bugali ikiletwa alifumba mdomo. Akiona samaki alitapika. Shangazi alimfuta, akampaka mawese upya, kwa sababu wageni wa Mboko walikuwa njiani. Walimpeleka dispensari, muganga akampa kinini, ingawa alisema hana homa. Baba yake alikaa nje na wanaume, anatazama miguu yake mwenyewe. Hata mama yangu, ambaye alimlilia mdogo wake kwa machozi ya kweli, alisema ni desturi, mtoto atazoea. Kusema alizoea. Kula hakuzoea, na mbavu zikaanza kutokeza chini ya yale mafuta.

Siku ya sita alifika bibi yetu, mama wa marehemu, kwa miguu kutoka milimani. Nyumba ilijaa. Yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kusimuliwa kuliko wote, na watu walisogea karibu ili wasikie vizuri. Walisogea, jamani, na sahani zao mkononi. Mtoto hakungoja kuambiwa. Alisimama, mikono nyuma.

"Tulienda kufua. Mi nilishika sabuni. Mayi ilivimba. Mama hakupiga kelele..."

Bibi akamwekea kiganja mdomoni, taratibu.

"Mi sikukuuliza kitu, mama yangu. Ulikula?"

Swali hilo hakuna aliyekuwa amemuuliza mbele ya wageni, na jibu lake hakulijua. Mtoto akageuza macho kwa shangazi, kwa wageni, kisha kwangu. Nilimwonea huruma, na nikadhani namsaidia. Nikasema kwa sauti, toka pembeni nilipokuwa nimekaa:

"Kikwembe. Ulifika pa kikwembe."

Sikuwa nimejua kwamba hadithi yote nilikuwa nayo kichwani, neno kwa neno, kama wimbo wa shule.

Bibi akageuka.

"Na we pia?"

Hakungoja jibu. Alimbeba mjukuu wake mgongoni, akatoka naye uani, wakaingia jikoni. Niliwafuata. Kwenye ufa wa ukuta wa matete nilimwona mtoto ameketi kati ya miguu ya bibi, ana kiazi kitamu mikononi, anakila pamoja na ganda lake. Hakuna aliyemsemesha. Nikasukuma mlango ili niingie.

Bibi aliuzuia kwa mguu wake.