Mvua ya Mama Mwenye Nyumba

Mama mwenye nyumba wangu hapa mtaa wa Kyebando, mjane wa mwanajeshi kutoka kaskazini mwa nchi, huipimia serikali mvua. Uani, kati ya tangi na kamba ya nguo, kuna kopo la chuma lenye chupa ndani. Kila asubuhi huitoa chupa, huiinua usawa wa macho, kisha hutuma kipimo kwa simu. Halipwi. Namba hiyo ndiyo wanayoitazama watabiri wa serikali kabla ya kuwaonya waliojenga kando ya mfereji, huko bondeni, kwamba maji yanakuja.

Mimi ni Mkenya, mgeni katika nchi hii, mwajiriwa wa kampuni ndogo iliyoko mtaa wa Ntinda inayouza utabiri kwa ujumbe wa simu. Ofisi yetu ina kiyoyozi na ramani inayong'aa ukutani, lakini kopo la kupimia mvua hatuna hata moja. Namba tunazichukua serikalini, zinakotolewa bure, tunazipaka rangi, tunaziuza. Katika mkutano mmoja Nakawa bosi wangu aliwaambia maofisa wa serikali, "Ninyi pimeni, sisi tuwafikie watu. Kila mtu na kazi yake." Wakapiga makofi. Nami nikapiga, tena kwa nguvu, maana mwisho wa mwezi ulikuwa karibu.

Aibu ilinianza siku Mama alipojiunga na huduma yetu. "Mtoto wangu iko kazi huko, mimi nitakosa kununua namna gani?" aliwaambia wapangaji wote, akininyooshea kidole na kuinua simu juu. Alikuwa ananunua mvua yake mwenyewe. Nilicheka nao, uso ukiniwaka, nikaingia ndani kutafuta kitu ambacho hakikuwa kimepotea.

Baadaye ramani yetu ikaonyesha jambo la ajabu: Kyebando ilinyeshewa kiasi kilekile kila siku. Bosi alifurahi. Alisema hatimaye tumepata kituo chenye nidhamu. Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake na viatu vilivyolowa chapachapa.

Asubuhi iliyofuata, mvua kubwa ikiwa imetoka kukatika, nilimfuata Mama uani. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, miwani puani, akisoma ujumbe wetu na kuinakili namba iliyomo ili aitume serikalini. Kopo hakulikaribia.

"Mama, hujapima?"

"Mimi nilishaacha. Hii yangu ni chupa tu na macho ya mzee. Ya nyinyi iko ya kompyuta. Sasa mimi natuma ile ya nyinyi, serikali isipate ya uongo."

Nilitamani kuingia chini ya tangi. Nikamweleza, kwa sauti ndogo, kwamba kompyuta yetu haina macho mengine ila yake yeye. Kwamba namba ile ni yake ya zamani, imepita serikalini, ikaja kwetu, ikamrudia, naye akairudisha ilikotoka. Nilitamani anitukane. Hakunitukana. Alinyanyuka akafungua kopo. Chupa ilikuwa imejaa hadi mdomoni, na maji mengine yamemwagikia nje yake, ya siku ngapi hakuna ajuaye. Aliiinua usawa wa macho, kwa mazoea tu, kisha akageukia bondeni.

"Na wale watu ya chini, wameambiwa nini?"

"Mvua nyepesi," nikasema.

Kando ya mfereji watu walikuwa wakitoa magodoro yanayochuruzika maji nje na kuyapandisha juu ya mabati.